Nchi Iliyojaa Jana

Nchi yetu ina jina, tena zuri, ila sitaliandika hapa, maana huenda ukifika kusoma limeshabadilishwa, na kutaja jina lililobadilishwa ni kosa. Nitasema tu "nchi yetu". Anayekaa humo anajua ni ipi, na asiyekaa humo amshukuru Mungu wake.

Serikali yetu ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu hilo ndilo linaloanzwa nalo. Haipotezi kitu. Huko kwingine, nasikia, mkubwa akisema neno leo na kesho akasema kinyume chake, watu wanabaki kubishana alisema lipi. Kwetu hakuna ubishi. Katika jengo la Wizara ya Kumbukumbu na Utulivu umo Mtambo: makabati marefu kama ya vyombo vya bibi harusi, yamepangwa diski juu ya diski, na humo tumo sisi sote. Nani kazaliwa, nani kaoa, nani mgonjwa, nani mfungwa, nani kafa, na Mtukufu Mlinzi wa Taifa kasema nini. Mlinzi akibadili neno, jipya linaandikwa mahali pa la zamani, lakini la zamani halitupwi. Linahamishiwa makabati ya pembeni. Hayo ya pembeni yanaitwa stoo ya picha, kwa kuwa kila baada ya muda Mtambo unaipiga nchi nzima picha, ikae vilevile ilivyokuwa, ili mambo yakiharibika turudi nyuma tulipokuwa tumetulia.

Tulielezwa hayo kwenye mkutano wa hadhara, tumekaa juani. Kazi yangu ni kushona magodoro ya sufi, diski sijawahi kuishika. Lakini tulielewa, na tulipiga makofi mpaka tukaambiwa basi.

Sasa Mlinzi wetu ni mtu wa kufikiri sana. Asubuhi barabara ina jina la mama yake, jioni ina jina la farasi wake. Mwaka wake wa kuzaliwa ameurekebisha mara nyingi, na kila akiurekebisha anazidi kuwa kijana, hata leo hii ni mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Ile vita aliyopigana porini imeongezewa mto, halafu mamba, halafu mamba wakaondolewa kwa sababu balozi wa nchi fulani alicheka. Kila rekebisho likifanywa, la zamani linakwenda stoo. Stoo ikaanza kujaa.

Mtambo wenyewe una adabu, ukifika kiasi fulani unatoa taarifa. Ukatoa: stoo ya picha imejaa asilimia themanini, hatua ichukuliwe. Taarifa ikapanda, kutoka kwa mafundi kwenda kwa wakuu wa mafundi, kutoka hapo kwenda kwa wakuu wa wakuu, na kila ilipopanda ilipunguzwa maneno, maana wakubwa hawapendi maneno mengi. Ilipofika mezani kwa Waziri Bakunda ilikuwa imebaki hivi: "Wizara yako, asilimia themanini."

Na kwetu asilimia ni malengo. Hatujawahi kutangaziwa asilimia ya kitu kibaya. Barabara zimefika asilimia sitini, madawati asilimia sabini, uzalendo asilimia tisini na tisa. Ukimwambia mkubwa wa kwetu asilimia, anasimama kupokea pongezi kabla hujamaliza.

Waziri akaingia redioni. "Ndugu wananchi, walikuwepo wenye wivu waliosema hatutafika. Leo tupo themanini. Naahidi mbele ya Mtukufu Mlinzi kwamba ifikapo Sikukuu ya Utulivu tutakuwa asilimia mia moja, na ikiwezekana tupite."

Alikuwepo mama mmoja aliyesimamia yale makabati, Injinia Mwamini. Akaomba kumwona Waziri. Waliyozungumza niliyapata kwa mpishi wa chai wa wizarani, mteja wangu wa magodoro, aliyekuwa amesimama na birika mkononi akisubiri kuambiwa amimine.

"Mheshimiwa, ile asilimia si ya kupanda. Ni ya kushuka."

"Mama, umeajiriwa na nani?"

"Na serikali, mheshimiwa."

"Serikali hii uliwahi kuiona inashuka?"

Injinia akaanza upya. Akasema, "Stoo ikijaa, Mtambo utafanya kama ulivyoagizwa siku unasimikwa. Kamati iliyousimika iliulizwa: pakijaa, itupwe jana ili leo iendelee, au leo ikataliwe ili jana isiguswe?"

"Ikajibuje?"

"Jana isiguswe."

"Ilijibu vizuri. Jana ndiko yaliko maneno ya Mlinzi. Leo kuna nini?"

Injinia Mwamini akapelekwa masomoni. Ni masomo gani na yako nchi gani, hata mumewe hajui. Alikwenda kuuliza, naye akapata nafasi ya masomo.

Basi tukaanza kuitafuta mia. Wilaya zilishindanishwa kubadilisha mambo, maana kila badiliko linasukuma kitu stoo. Wilaya jirani iliwapa watoto wa shule majina mapya kila Jumatatu. Ya kwetu ilisajili mbuzi, ikawafuta, ikawasajili tena kama kondoo. Zikatoka kanga zilizoandikwa MIA KWA MIA. Siwema, mke wangu, alinunua moja akaigeuza kitambaa cha kupangusia cherehani.

*

Sikukuu ya Utulivu ilimkuta Siwema hospitali. Ana sukari, siku nyingi, na wiki ile ilikuwa imempanda vibaya. Daktari aliandika sindano kwenye karatasi, nikaipeleka dirisha la dawa. Muuguzi alikuwa msichana mstaarabu. Nyuma yake friji ya kioo, na ndani ya friji vichupa vimepangwa.

"Dawa si ile pale?" nikamwambia.

"Naiona, baba. Naiona kama unavyoiona wewe."

"Basi nipe."

"Nikikupa bila kuingiza kwenye Mtambo ni wizi. Na nikiingiza, unakataa. Umeanza kukataa sasa hivi tu. Subiri kidogo, baba yangu."

Huko nje baruti zikaanza kulia. Redio ya wodini ikatangaza kwamba Wizara imefikia asilimia mia moja kamili, mbele ya ratiba. Kwaya ikaimba. Nikarudi kitandani mikono mitupu.

"Wanashangilia nini?" Siwema akauliza.

"Mtambo umejaa."

"Umejaa nini?"

"Jana."

Akafumba macho kidogo. "Mimi nikishiba nakaa chini, siruki."

Nikarudi dirishani. Nikarudi tena. Mara ya mwisho yule muuguzi alikuwa amekwisha fungua friji, kichupa kakishika mkononi, analia, anatazama mlango wa mkubwa wake. Nadhani angenipa. Nataka kuamini angenipa. Lakini redioni ukapigwa wimbo wa taifa, na sheria inajulikana, ukipigwa kila mtu mwenye sare anasimama wima na asisogee. Akasimama wima, kichupa mkononi. Wimbo wetu una beti nyingi, nyingine ziliongezwa mwaka huu. Ulipokwisha akakimbia nami hadi kitandani, na Siwema alikuwa ameshaondoka.

Simlaumu yule binti. Nawajua wa kuwalaumu.

*

Kwetu maiti hailali. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Nikaenda siku ileile dirisha la vibali vya maziko, kwa Bi. Chausiku, mwanamke ninayemfahamu kwa kuwa ndugu zangu wote wamepita dirishani kwake.

"Pole, mzee wangu. Jina la marehemu?"

"Siwema binti Athumani."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Unakataa."

"Unakataa jina?"

"Unakataa kufa. Tangu ijae ile stoo haupokei kipya chochote. Hazaliwi mtu, haoi mtu, hafi mtu."

"Bi. Chausiku, mimi nimemfumba macho kwa mkono wangu huu."

"Nakuamini. Mtambo ndio haukuamini."

"Basi nitakwenda kumzika tu."

Akatazama kushoto na kulia, akasogeza uso kwenye tundu la kioo. "Sasa hivi mkeo ni mtu hai. Ukimfukia mtu hai ardhini, hilo kosa linaitwaje?"

Nikaushusha ule mkono.

"Mwache mochwari. Wanalishughulikia."

Nilipotoka nikaona bango limeshatundikwa mlangoni, la kumpongeza Waziri Bakunda. Tangu Sikukuu ianze, lilisema, hakuna kifo hata kimoja kilichoandikishwa nchi nzima.

*

Ikaundwa Kamati ya Kuurejesha Mtambo. Yule mpishi wa chai aliendelea kumimina, na mimi niliendelea kumshonea magodoro, kwa hiyo najua.

Mjumbe wa kwanza alisema: tununue diski nyingine, stoo ipanuke. Wote wakaafiki. Halafu ikaonekana kwamba manunuzi yoyote lazima yaandikwe kwanza kwenye Mtambo, na Mtambo haupokei. Wakamshukuru kwa mchango wake.

Wa pili alikuwa Naibu Waziri. Alisema, tufute picha moja tu, ile ya zamani kuliko zote, tupate pa kupumulia.

"Mlinzi yumo katika picha hiyo?" Waziri akamuuliza.

"Yumo, bila shaka. Yumo katika zote."

"Kwa hiyo unataka tumfute."

Mpishi akasikia birika lake linavuja. Tangu siku hiyo Naibu Waziri hajaonekana. Ila kwa kuwa Mtambo ulikuwa haupokei mabadiliko, hakuweza kuondolewa kazini, na mpaka leo ni Naibu Waziri.

Ikabaki njia moja. Picha zenyewe si zilipigwa ili turudi nyuma mambo yakiharibika? Basi turudi. Ichaguliwe picha moja nzuri, nchi irudishwe ilivyokuwa siku hiyo, na yote yaliyokuja baadaye yaondoke yenyewe, stoo ibaki na nafasi. Hilo halikuitwa kufuta. Liliitwa Kurejea. Picha aliichagua Mlinzi mwenyewe, ya siku ambayo uwanja ulijaa na nywele zake zilikuwa nyeusi pande zote. Ni ya mwaka juzi.

Wakabonyeza. Mtambo ukarudi mwaka juzi, mzima kabisa, unapokea kila kitu. Tatizo ni kwamba sisi wengine hatukurudi. Tulikuwa bado tupo leo.

Waziri akaeleza kwa upole, redioni. "Mtambo haukosei. Mwananchi atakayekutwa hafanani na picha asiogope. Atasaidiwa kufanana."

Msaada ukaanza kupita mitaani. Lilikuwa lori, askari, na afisa mwenye kishikwambi chenye picha ya kila nyumba. Waliooana baada ya picha walirudishwa kila mmoja kwao. Kina mama waliojifungua baada ya picha waliambiwa watoto wachukuliwe kwa muda, watarudishwa tarehe zao zikifika. Aliyevunja banda lake aliambiwa alisimamishe. Fundi saa mmoja, aliyepoteza mguu mwaka jana, aliulizwa mguu uko wapi, akasema umekatwa, akaulizwa na nani, akasema na hospitali ya serikali, wakamchukua kwa kuisingizia serikali.

Na waliokufa. Lori lilibeba na majembe. Nyumba moja upande wa msikiti walimfukua baba yao, mtu aliyezikwa mwaka jana mimi mwenyewe nimelishika jeneza, wakamketisha kwenye kiti barazani, kofia kichwani, mpaka afisa akapita akaangalia kishikwambi na kuweka alama ya kwamba yupo. Wanawe walisimama pembeni na wameambiwa watabasamu.

*

Mimi niliitwa mochwari. Mhudumu hakunitazama usoni.

"Mzee, huyu wako hatuna naye habari. Siku ya picha hakulazwa. Yuko kwake, mzima. Na droo hii kwenye picha ina mtu mwingine, wanamleta mchana kutoka makaburini. Mwondoe."

"Nipe basi kibali cha mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma ni wa maiti. Huyu anatoka na waliopona."

Wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, wakamfunga kanga mbili asianguke, nikamsukuma kupita wodini, kupita dirisha la dawa, hadi geti la mbele. Mlinzi wa geti alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe. Nyuma yake alisimama askari anasikiliza.

"Pole na kuugua, mama," mlinzi akasema.

"Mama haitikii salamu?" askari akauliza.

"Amechoka," nikasema.

"Haya, akapumzike." Yule mlinzi akafungua geti, na nilipompita akainama kama anaokota kitu. "Mfunike uso, kaka. Jua kali."

Nikamlaza kwenye mkokoteni wangu wa kazi, godoro chini na godoro juu, nikamsukuma mpaka nyumbani. Sikuona mtu wa kunisaidia. Nilisikia madirisha yanafungwa.

Ungemjua Siwema ungeelewa. Mwanamke aliyepika katika misiba ya mtaa mzima, aliyeosha maiti za wenzake bila kuitwa mara mbili. Nilimlaza chumbani na hakuja mwanamke hata mmoja. Si ubaya wao. Kuja kwenye msiba ni kushuhudia kwamba mtu amekufa, na kulia kulikuwa ushahidi. Jirani mmoja alipita ugani, macho kayaelekeza kwenye kuku. "Mama hajambo, Mzee Shaweji?"

"Hajambo."

"Msalimie."

Nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya nyumba. Kila aliyeuliza nilimjibu nachimba choo.

Shimo lilikuwa limenifika kifuani, Bi. Chausiku alipotokea, amejitanda mpaka machoni, na mwanamke mwingine nyuma yake, mrefu, mkavu, umri kama wa Siwema.

"Toka humo, mzee, tuzungumze. Uhakiki umemaliza upande wa msikiti, alasiri utafika kwako. Watauliza mkeo yuko wapi. Utasemaje?"

"Nitasema ukweli."

"Ukisema kafa, umempunguzia Mlinzi mwananchi, na mwenye kosa hilo harudi. Halafu maiti wataichukua. Unajua wataifanya nini?"

Nilijua. Nilikiona kile kiti barazani.

"Huyu ni Mashavu," akaendelea. "Alifungwa kwa kucheka wakati wa ukimya wa taifa. Akasamehewa mwaka jana."

"Mwaka jana umefutika," Mashavu akasema. "Kwa hiyo kifungo ninacho, msamaha sina. Na nilicheka kwa sababu mtu wa mbele yangu alijamba, ili ujue umeletewa mhalifu wa namna gani."

Bi. Chausiku hakucheka. "Mzee, wewe una jina halina mtu. Huyu ni mtu, na jina lake linamtafuta."

"Na jela wakiita jina lake?"

"Jela hawakosi mtu wa kuitika."

Damu ikanipanda. "Siwema si foronya, nitoe kilichomo nitie kingine. Kila kitu chake wamechukua. Dawa wamemnyima, kufa wamemnyima, udongo wamemnyima. Limebaki jina, na hilo nalo nigawe? Nitaandika kwenye kibao, nitamsimamishia kichwani mwa kaburi, waje wanifanye watakavyo."

"Wakikiona kibao watachimba," Bi. Chausiku akasema. Akasema polepole sana, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Mashavu alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Alikuwa amesimama mlango wa chumbani, anatazama ndani.

"Baba, jina la mkeo sikuliomba, nimeletwa. Ukikataa nitatoka nilikoingilia. Lakini huyu mama amelala hivi, ataoshwa na nani?"

"Hakuna aliyekuja."

"Nipe ndoo, na sabuni kama ipo. Na wewe ungekaa nje kidogo."

Nilikaa kizingitini. Nilisikia maji yanamiminwa na kukamuliwa, na sauti ya Mashavu ikizungumza naye taratibu, kama wanawake wanavyofanya: geuka kidogo dada, tumalize upande huu, ndiyo hivyo. Bi. Chausiku alimsaidia kukata sanda kutoka kwenye marekani yangu ya kushonea magodoro. Baadaye mlango ukafunguka kidogo.

"Amekaa vizuri," Mashavu akasema. "Ana kovu gotini. La nini?"

"Alianguka na cherehani. Tulikuwa tunahama."

Akatoa kichwa nje. Alikuwa na matone ya maji kidevuni. "Nikiulizwa, niseme hivyo?"

Huko mtaa wa pili lori lilikuwa limeanza kuunguruma.

"Ndiyo," nikamwambia. "Sema ulianguka na cherehani."

*

Kwetu wanawake hawateremshi maiti. Siku ile waliteremsha. Mimi nilishuka shimoni, nikampokea, nikamlaza kwenye mwanandani niliouchimba ubavuni mwa shimo, uso kibla, nikaziba kwa mbao za kitanda. Hata sala nilimsalia nikiwa mle ndani, maana sikuwa na watu wa kupanga safu. Nikatoka, na kabla sijatupa udongo hata konzi moja, geti likagongwa.

Bi. Chausiku akapitia uani kwa jirani. Mimi na Mashavu tukaenda mbele.

Afisa alikuwa Afande Kilumbi, mtu safi, mwenye sauti ya kufundisha watoto. Askari nyuma yake wamechoka, vumbi hadi nyusi.

"Shaweji bin Mbaraka, fundi magodoro."

"Mimi."

"Siwema binti Athumani, mkewe."

"Nipo," akasema Mashavu.

Afande akamtazama, akatazama kishikwambi. "Kwenye picha umenenepa."

"Mwaka juzi mchele ulikuwepo, afande."

Askari mmoja akaangalia juu. Afande akapitisha kidole kwenye kioo. "Alama ya mwilini, kovu, goti la kushoto. Tuone."

"Unataka kumwona mke wa mtu mapaja, na mwenyewe kasimama hapa?"

Afande akakohoa. "Si lazima. Ni kovu la nini?"

"Nilianguka na cherehani. Tulikuwa tunahama."

Akanigeukia mimi. "Mzee, huyu ndiye mkeo?"

Nilimtazama Mashavu. Alikuwa amevaa gauni la Siwema, limemwacha vifundo vya miguu nje. Mikono yake bado ilikuwa na mikunjo ya maji.

"Ndiye," nikasema.

Akaweka alama. Nilidhani wataondoka. Lakini picha ya nyumba ilikuwa na uga wa nyuma pia, na Afande ni mtu wa kumaliza kazi. Tukazunguka. Akasimama ukingoni mwa shimo, akachungulia.

"Hiki nini?"

"Choo, afande. Nachimba."

"Na hizo mbao ubavuni?"

"Udongo usiporomoke."

Akatazama kioo, akatazama shimo, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kwenye picha hapa ni tambarare. Hakuna choo." Akawageukia askari. "Fukieni."

Wakachukua makoleo lorini. Wanaume wenye nguvu, kama wale ninaowaona kwenye maziko ya watu wenye ndugu wengi, wakajipanga pande zote mbili na kuanza kushusha udongo, kwa zamu, bila maneno. Nikaona mbao zinafunikwa.

"Afande," nikasema, "naomba na mimi nifukie."

"Choo chako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Koleo lile pale."

"Mkono unatosha."

Nikapiga magoti, nikachota konzi ya kwanza, nikatupa. Ya pili. Ya tatu. Midomo yangu ilikuwa ikisema inachopaswa kusema, kimyakimya, na yule askari aliyekuwa karibu yangu akapunguza mwendo wa koleo lake mpaka nilipomaliza. Alinitazama mara moja, kisha akaendelea kutupa udongo, ila sasa alikuwa anautupa polepole.

Shimo likajaa. Palibaki kichuguu kidogo, Afande hakukipenda. Akawaamuru wapande juu na kukanyaga mpaka pakawa sawasawa na kwingine. Akainua kishikwambi, akalinganisha, akaridhika.

"Mbona unalia, mzee?"

"Nimechimba tangu asubuhi, afande."

"Choo utachimba kingine, mwaka wake ukifika." Akanipiga bega, kwa wema kabisa. Halafu akamgeukia Mashavu. "Siwema, mletee mumeo maji."

Mashavu akanitazama. Kisha akaingia ndani ya nyumba asiyoijua, nikamsikia anafungua makabati, anatafuta bilauri.